Bukari ya Biatu bya Pasteri

Yaya Claire,

Habari ya kwetu Kilwa na ya shemeji? Huku Nchelenge, ngambo ya ziwa, tuko bazima, na kazi yangu ya kusafisha na kupaka biatu rangi inaendelea muzuri.

Juzi pasteri wetu alibariki mutumbwi mupya, akakanyaga mafuta ya samaki, akaniletea biatu byake bya ngozi. Nikabimwangia bunga ya muhogo ili inywe mafuta. Asubui nikaipangusa ile bunga ndani ya sahani, nikaenda soko kutafuta rangi nyeusi.

Kurudi, nakuta mama mukwe amepika nayo bukari, na bote bamemaliza kula! Yeye mwenye kusema kila siku eti sisi Bakongomani hatujue kupika! Akanikumbatia mbele ya Goodson, bwana yangu: "Chouchou, binti yangu, leo umeleta bunga ya kweli! Iko na utamu wa samaki hata bila mboga."

Binti yangu, Yaya!

Sasa siku ya Mungu mama mukwe anaalika bamama bote ba kanisa, na anataka bunga ile ile. Biatu bya pasteri biko safi kabisa. Lakini shemeji si anauzisha samaki? Unitumie biatu byake na boti ya kesho. Umwambie asibipanguse.

Ni miye mudogo wako,
Chouchou, mukwe mupendwa tangu jana