Kiti cha Kikapu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo avae soksi nzito, kule kwenye maporomoko ya maji njia ni tope tupu. Dawa ya kifua ya mkubwa iko mfuko wa mbele. Mwambie dada yako mlima haupandwi kwa ndara.

Alfajiri, wewe ukikoroma, simu yako iliita nikapokea. Kumbe ni kiongozi wa safari, anataka saizi za viatu vya kupandia. Akasema umelipia viti vitano, akakutaja wewe, watoto wawili na dada yako. Nikamuuliza, mbona viti ni vitano? Akajibu kwa adabu zake, "Cha tano mzee alisema ni cha kikapu cha chakula, kisije kikabanwa."

Kikapu. Nilichokipanga mimi, kwa mikono yangu.

Najua utakachosema: kila mwaka mimi mwenyewe husema "nendeni tu". Ni kweli. Nimesema hivyo miaka tisa, nikingoja hata mmoja wenu aniambie twende wote.

~~Basi nendeni tu, nitabaki na~~

La. Gari linaanzia kituo cha mafuta kabla ya kuja kwetu, na mimi nimetangulia huko. Viatu nimeagiza saizi thelathini na nane, kama ulikuwa huijui.

Ukitoka, funga mlango wa nyuma. Kikapu hiki hapa mezani. Mkipanda mtanikuta nimekaa kwenye kiti chake, kwa hiyo mtakipakata kwa zamu. Uanze wewe.

Mama Watoto