Rangi ya Kijani Dirishani

Jumatatu, 3 Februari

Nimefua. Nimepika uji, mwanangu Mumbua ameukataa tena. Tumbo bado linamuuma, na dawa ya minyoo haijasaidia. Nimemkuta dirishani akibandua rangi kwa kucha, kipande kingine mdomoni. Midomo kijani. Rangi ya nyumba hii inabambuka kila mahali. Nyumba ya mawe, ya zamani sana, karibu na stesheni ya Emali. Tuliipanga kwa sababu haina joto.

Alhamisi, 6 Februari

Hospitali. Daktari alimfunua macho Mumbua, akasema hana damu ya kutosha. Akauliza anapenda kula nini ambacho si chakula. Nikasema rangi. Akaacha kuandika.

"Rangi za zamani nyingi ziko na risasi, mama. Inaingia kwa damu, inaenda mpaka kwa ubongo."

Nilisikia risasi nikafikiria bunduki. Kumbe ni madini. Damu yake imepelekwa Nairobi. Mtoto ana miaka miwili tu. Naogopa.

Jumapili, 9 Februari

Nilienda kanisa na Mumbua. Mume wangu Musyoka alibaki. Tumerudi tukakuta amekwangua dirisha lote kwa msasa, anatabasamu, anadhani amemaliza shida. Vumbi kitandani. Vumbi kwenye vikombe. Kabla sijamshika, Mumbua alimkimbilia babake, naye akambeba, akambusu na ndevu zake zimejaa vumbi.

Nilipiga mayowe. Majirani wakatoka.

Nikampigia daktari. "Mtoe mtoto saa hii! Vumbi ndiyo mbaya zaidi. Na msifagie, mpanguse na kitambaa chenye maji."

Musyoka alikaa nje juu ya mtungi wa plastiki, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Sikumbembeleza. Niliogopa hata shati lake.

Jumatatu, 10 Februari

Mbumbuni, kwa mama. Musyoka amebaki kupangusa. Mwenye nyumba amenipigia simu.

"Hiyo rangi ilipakwa na baba yangu. Sisi wote tumelelewa hapo. Nani amekufa?"

Nimekata simu.

Ijumaa, 21 Februari

Majibu. Risasi iko kwenye damu yake. Haijafika kiwango cha kulazwa, daktari anasema. Asirudi kwenye ile nyumba. Ale mboga, maharagwe, maziwa. Apimwe tena. Lakini kama kuna kitu kimeharibika kichwani, hakuna dawa ya kukirudisha.

Nikauliza kama ataweza shule.

"Tutamfuatilia, mama."

Hilo si jibu.

Jumamosi, 1 Machi

Emali, kuchukua vitu vyetu. Dirisha limepakwa nyeupe juu juu, kijani inachungulia pembeni. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni na funguo, anamwonyesha nyumba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mwenye nyumba ni mzee wa kanisa letu. Nikamwambia yule mama yote, mbele ya mzee, kwa Kikamba.

"Mama Mumbua, unaniharibia nyumba!"

"Mzee, nisamehe. Mtoto wangu ameugua humu ndani."

Yule mama aliangalia dirisha, akamvuta mtoto wake mbele, kifuani. Akaondoka bila kumuaga yeyote. Sijui ataamua nini. Kanisani sijui nitaingiaje.

Jumapili, 16 Machi

Mbumbuni. Tumepata chumba hapa, kuta za simiti tupu. Nimezichunguza zote kabla ya kuingiza kitanda. Sikuenda kanisa. Mvua kidogo asubuhi. Mumbua amekula muthokoi wa mahindi na maharagwe, nusu sahani, mahindi yamemjaa mashavuni. Atapimwa tena mwezi ujao. Hofu bado iko, ila leo imenyamaza.

Jioni Musyoka alimwosha mikono kwa sabuni, polepole, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza kama inatosha.

Nikasema osha tena. Akaosha.