Magunia ya Shemeji Niliyoogopa Kuyafungua

Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Dada Yustina,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, na kama una mtoto mgongoni mpe Vero ambebe. Mimi nipo hai na mumeo yupo hai. Leo asubuhi amekunywa uji kwa mrija mpaka kikombe kikaisha. Nyie hapo Nsemulwa mnaendeleaje? Kifua cha Mama kimepungua tangu aondoke kijijini Mamba kuja kwako? Nauliza, ingawa najua ukimaliza kusoma pengine hutataka kunijibu.

Shemeji Kizito alimwagiza mwenzake wa biashara, Masanja, akupigie simu akwambie ameangukiwa na magunia. Si kweli. Aliagiza hivyo kunificha mimi. Barua hii nampa Masanja aje nayo kwa treni, maana haya siwezi kukueleza kwenye simu huku wateja wa mashine yenu ya kusaga wanakusikiliza. Daftari langu la kila siku, lile unalolicheka, liko hapa mezani. Nitakwambia kama nilivyoandika mle, pamoja na mahali ninapoonekana vibaya.

Unajua kazi yangu hapa kwa wakala wa forodha. Mzigo ukija, mimi ndiye ninayeandika tamko: ni kitu gani, kinaingia sura ipi ya kitabu cha ushuru, kinahitaji kibali cha nani. Shemeji na Masanja walipoagiza yale magunia ya laisini, karatasi ya muuzaji ilisema tu "kiongezo cha chakula cha mifugo". Laisini ni asidi amino, unga mweupe ambao kuku anauhitaji na haupati wa kutosha kwenye pumba na mashudu. Ikiwa imeshachanganywa kuwa chakula, inaingia sura ya ishirini na tatu. Ikiwa tupu, haijachanganywa na kitu, ni kemikali, inaingia sura ya ishirini na tisa, na vibali vyake ni vingine. Kinachotenganisha hayo mawili ni cheti cha uchambuzi kutoka kiwandani. Kila mteja namwomba cheti hicho kabla sijagusa kompyuta. Wahindi, Wachina, matajiri wa Kariakoo, wote nawaomba.

Shemeji sikumwomba.

Unakumbuka Baba alivyokuwa. Mkwe akija nyumbani na mzigo, tunaupokea, tunauweka ndani, na atakayeulizia kilichomo anachapwa. Nimekua hivyo na wewe umekua hivyo. Niliposhika simu kumwomba Shemeji cheti, niliona kama namwambia simwamini. Kwenye daftari nimeandika Jumatatu: "Nimwombe Shemeji cheti, kesho." Jumanne nimeandika hivyo hivyo. Jumatano pia. Ijumaa niliandika tamko: chakula cha mifugo, sura ya ishirini na tatu.

Forodha walifungua kontena, wakachukua sampuli, maabara ikasema laisini tupu. Mzigo ukazuiwa. Shemeji akawa ananipigia, namjibu, "Nashughulikia, Shemeji." Sikumwambia kosa ni nini, kwa sababu lilikuwa langu. Wiki zikapita. Halafu forodha wakamwandikia yeye mwenyewe barua kwamba ametoa tamko la uongo, maana jina kwenye karatasi ni lake.

Alhamisi hii, kama saa tano asubuhi, nilikuwa bandari kavu. Afisa alitaka sampuli ya pili. Nilikuwa nimeshakata lakiri ya kontena, bado nimeshika ule mkasi mkubwa wa chuma, makuli wameanza kushusha magunia. Nikamwona Shemeji anakuja na Masanja, barua mkononi, shati la safari limejaa vumbi.

"Shemeji," akasema, kwa upole kabisa, "nionyeshe mahali nilipodanganya."

"Twende kwanza ofisini tukae."

"Nimekaa kwenye treni siku mbili. Kukaa nimeshiba."

Masanja akasema, "Mwambie tu, bwana mdogo. Vifaranga kule Litapunga, kwa kukosa laisini, vinadonoana mpaka utumbo unatoka. Kila asubuhi naokota mizoga. Wafugaji wanatuuliza mzigo uko wapi."

Afisa akageuka kutuangalia. Makuli wakasimama. Dada, hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema kwa sauti, ili afisa asikie, "Mwenye mzigo ndiye hakuleta karatasi."

Shemeji alichomoa kulabu ya kuli iliyokuwa imechomekwa kwenye gunia, akanipiga nayo mdomoni. Meno mawili ya mbele yalitoka palepale, moja nililimeza. Alipoinua mkono tena nilimpiga na mkasi chini ya kiwiko cha kulia. Nilisikia mfupa. Ulilia kama muwa unapovunjwa gotini. Kulabu ikaanguka, naye akanikaba koo kwa mkono uliobaki. Nikampiga pigo la pili, begani, na hilo sikulihitaji. Alikuwa ameshaniachia.

Kuli mmoja akamnyooshea Shemeji kidole, akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa mizigo!"

Unajua neno hilo linafanya nini. Walikuja na mbao za kupangia mizigo, wengine na mabuti. Masanja alijaribu kuingia kati, wakamtupa pembeni, akapasuka juu ya jicho. Shemeji alikuwa chini. Mtu mrefu mwenye kofia alimkanyaga usoni mara mbili, na mara ya pili taya lilihama upande. Mwingine alikuwa anasema, "Mpe, mpe, huyu amezoea," wala hajawahi kumwona.

Na mimi nilikuwa nimesimama. Mdomo ulijaa damu, lakini ulimi ulikuwa mzima. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, na sikuyasema. Sitakudanganya kwamba nilishtuka. Nilikuwa na hasira ya meno yangu, na nilitaka wampige kidogo zaidi.

Shati lake lilichanika mfukoni, karatasi ikatoka, imekunjwa mara nne, ikasukumwa na mabuti mpaka miguuni kwangu. Nikaiokota. Kilikuwa cheti cha uchambuzi. Laisini tupu, haijachanganywa, jina la kiwanda na muhuri. Alikuwa nacho muda wote, Dada. Masanja ameniambia kililetwa pamoja na karatasi za kwanza, na Shemeji alikitunza akisema, "Mdogo wake mke wangu ndiye anayejua kazi yake. Akikihitaji ataniomba."

Hapo ndipo nikasema, "Ni shemeji yangu." Hawakusikia. Nikasema tena. Mwishoni nikamlalia juu. Mbao zilizokuwa zake zikawa zangu, mbavu mbili zimepasuka, mpaka afisa na walinzi walipofika. Chini yangu alikuwa anapumua kwa sauti ya mtu anayekoroma. Akaniambia kitu kwenye sikio, taya likiwa limehama. Nimekiandika kwenye daftari kama nilivyokisikia: "Kwa nini hukuniomba?"

Sasa hali ilivyo. Taya limefungwa kwa waya, mkono una plasta mpaka begani, jicho la kushoto daktari anasema litaona tena ila si kama zamani. Polisi walipotupatia PF3, ile fomu ya kutibiwa, walitaka kumfunga pingu kitandani, kwa kuwa afisa alimwona yeye ndiye aliyeanza. Bosi wangu aliniita pembeni akaniambia, "Andika kwamba mteja alificha cheti, alikuja kukushambulia. Mambo yanaisha." Yangeisha kweli. Ningebaki na kazi, mumeo angelala rumande.

Juzi Ijumaa niliandika maelezo yangu polisi na mengine forodha. Nilinakili zile siku kutoka kwenye daftari, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kama zilivyo. Nikaandika kwamba cheti kilikuwepo na mimi ndiye sikukiomba, kwamba mbele ya watu nilimsingizia, na kwamba pigo la pili lilikuwa la bure. Polisi wamemwacha Shemeji. Mimi nimeambiwa niripoti tena. Ofisi imenipokonya kitambulisho, na bosi hanisalimii.

Forodha wamekubali tamko lirekebishwe liende sura ya ishirini na tisa, na kibali cha kemikali kimeombwa upya. Yule afisa aligeuza cheti akauliza, "Hii damu ya nani?" Nikamwambia ya mwenye mzigo. Akakibana na karatasi nyingine.

Ombi jipya lilihitaji saini ya Shemeji. Jana nilimpelekea hospitali. Mkono wa kulia hauwezi, akashika kalamu kwa wa kushoto, na karatasi ilikuwa inateleza juu ya blanketi. Nikamshikia. Aliandika jina lake kama mtoto wa chekechea, herufi moja moja, na hakuniangalia hata mara moja.

Mpe Mama pole, umsomee utakavyoona inafaa. Msalimie Vero na wadogo zake, uwaambie mjomba wao hatakuwa na meno ya mbele. Baba mkubwa kule Mamba anayeuliza habari za mzigo kila Jumapili, mwambie ukweli. Masanja akishakula kwako, mpe nafasi alale, jicho lake bado linauma.

Mzigo ukiachiwa nitakuja nao mwenyewe, na mumeo akiwa amepona kiasi cha kusafiri. Nitayashusha magunia mbele ya mashine, nitayafungua moja moja watu wakiona, na nitasema ni nini kilichomo na nani aliyekosea. Kama hutaki niingie ndani, mwambie Masanja anipigie. Nitafungua magunia hapo nje, kisha nitapanda gari la Mamba jioni hiyohiyo.

Mdogo wako aliyempiga mumeo,
Deo