Wanamwita Bado Prezida

Yaya Arlette mpenzi,

Huku Likasi jakaranda zimechanua. Barabara yetu yote ni zambarau, na asubuhi mtu anatembea kama hajaamka. Mvua ya kwanza bado inasitasita.

Mdogo wako Éphraïm, mume wangu, naye hajaamka kutoka ndoto yake. Tangu ashindwe uchaguzi na kuupoteza uprezida wa chama cha wachimbaji wa Kamatanda, alikuwa ametulia, analima, analala vizuri. Lakini unajua watu wetu: aliyewahi kuwa prezida huitwa hivyo mpaka kaburini, kwa heshima tu. Yeye akisalimiwa sokoni, "Jambo, Prezida!", anarudi macho yanawaka: "Émérence, umesikia? Wananitaka tena." Nikimwambia ni salamu tu, anacheka. Uchaguzi ni Desemba, na daktari alishasema moyo wake hautabeba kampeni nyingine.

Yaya, weye dada yake mkubwa ndiye uliyemlea. Njoo umwite kwa jina lake, Éphraïm, mbele ya watu, kwa sauti. Miye nimeshindwa. Jana nilipakua chakula, nikataka kumwita mume wangu, na kinywa changu chenyewe kikasema, "Prezida, bukari iko tayari."

Alitabasamu, Yaya, kisha akaenda kutafuta lile shati jeupe la kampeni.

Wifi yako anayekungoja,
Émérence