Madam Amoit, Wamekubandika Mlangoni

Madam Amoit,

Ungeiona picha yako waliyoibandika mlangoni pa ofisi yetu ya misaada ya karo, ungecheka kwanza, halafu ungetapika. Wamekutia rangi ya midomo. Wewe, ambaye hata mafuta ya kujipaka ulikuwa unakumbushwa! Chini wameandika, "Mfuko wa Madam Amoit, Mama wa Wanafunzi." Mimi kila asubuhi napita hapo nikiangalia viatu vyangu.

Nimechukizwa, Madam. Nakuambia wewe kwa sababu hapa chuoni kila mtu anapiga makofi.

Ilianza siku tunakuzika. Bosi wetu, yule yule aliyekunyima gari la ofisi miaka yote ukawa unafuata waombaji kwa bodaboda, mvua ikikunyeshea, alishika kipaza sauti pale kwenu nje ya Malaba akalia. Machozi kabisa. Akaapa atakuenzi. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi, nikaiweka chini.

Kukuenzi kwenyewe ndiko huku: ziara za nyumbani amezifuta. Siku hizi mwombaji anatuma picha ya nyumba yao kwa simu, basi, yamekwisha. Na wewe hukuwa unakaa hata sebuleni. Ulikuwa unapitiliza hadi jikoni, unavuta kigoda, unamenya mihogo na mama wa nyumba mkiongea habari za shamba na wagonjwa. "Sebule ni ya wageni, Ouma," ulikuwa ukiniambia. "Shida haikai huko."

Unamkumbuka yule mfanyabiashara wa Busia aliyenusa kwamba tunakuja, akahamishia makochi na televisheni kwa ndugu yake, akatutandikia mkeka uliochanika? Mambo yalimwendea vizuri mpaka katoto kake ka mwisho kakaingia, kakazunguka chumba, kakauliza, "Baba, nani ameiba viti zetu?" Ulikapa ndizi, ukaaga kwa heshima zote. Tulipofika barabarani ulicheka hadi mwenye pikipiki akasimama akidhani unaumwa.

Basi binti wa bwana huyo ndiye wa kwanza kupata msaada wa mfuko wenye jina lako. Picha waliyotuma ni ya banda la kuku. Nalijua banda hilo, nilikojoa nyuma yake siku ile. Nilimwambia bosi. Akasema system imeshapitisha.

Aliyekataliwa ni Nafula, msichana wa Rukala anayesomea ualimu, amebakisha mwaka mmoja tu. Mto Nzoia ulivunja kingo ukala nyumba yao, na sasa mama yake na wadogo zake wanaishi kwenye hema juu ya tuta la kuzuia mafuriko. Akapiga picha ya hema, akatuma. Nilimsikia karani mpya akimjibu dirishani, "Siste, hapa tunataka nyumba. Hema si nyumba. System inakataa." Nyumba iko chini ya maji! Alitaka apige picha ya kambare?

Nilirudi kwa bosi. "Ouma, wacha emotions," akasema. "Huyo Madam wako alikuwa anatupotezea time sana." Ukutani nyuma yake ulikuwepo tena wewe, umetabasamu. Nilitamani kumtemea mate, Mungu anisamehe.

Nafula alikosa karo akaacha masomo. Jumamosi nilimfuata hadi Osieko, ufukweni mwa ziwa, yuko kwa shangazi yake anaparua samaki. Nikavuta ndoo nikakalia, nikaomba kisu. Shangazi alicheka sana namna ninavyoshika samaki wa ngege. Tuliongea vizuri mpaka nilipotaja jina lako. Nafula akatupa kisu kwenye karai.

"Mzee, usinitajie huyo mama. Ile barua ya kunikataa ilikuwa na sura yake juu. Ni yeye alinitoa shule."

Wewe, Madam. Mtoto ambaye ungemfuata mpaka kwenye matope, anakulaani wewe. Nililia pale mbele ya wachuuzi wa samaki, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Walikunyima gari ukiwa hai. Sasa umekufa wanakutumia kufukuza watoto.

Nilimweleza ulikuwa nani mpaka samaki wakaisha. Sijui kama aliniamini. Alininawisha mikono tu. Lakini amekubali kukata rufaa, na watu wawili wa kamati ya chuo inayosikiliza rufaa wamekubali kuja nami hadi kwenye lile tuta wakae na mama yake hemani, waone wenyewe. Bosi amepata habari. Ameniambia nikienda, nisirudi kazini.

Naenda Jumanne. Mke wangu amenikasirikia, na ana haki.

Lala, Madam wangu. Huko juu ya tuta nitamwambia mama Nafula kwamba wewe ndiye umenituma. Nakuahidi hilo, hata kama ndiyo kazi yangu ya mwisho: mtoto yule hatazeeka akidhani ulikuwa mmoja wao.

Wako,
Ouma