Fungu la Mama kwenye Bajeti

Baba Kibonge,

Uji wa Kibonge wetu uko kwenye chupa ya chai. Akiamka akaukataa, mwimbie. Biskuti usimpe, ni za wiki nzima! Gesi ifunge kabisa.

Samahani nilivyofoka asubuhi nilipokuta umechorachora bajeti yangu ya mwezi, niliyoipiga mistari kwa rula jana baada ya kufundisha darasa la jioni. Wewe ukacheka tu: “Mwalimu, soma kwanza ndipo uchape fimbo.” Nikanuna. Ulipoingia kuoga ndipo nikaisoma, kiatu kimoja mguuni. Kodi ipo, gesi ipo, maziwa ya mtoto yapo, nauli yako ipo. Mimi sikujiweka popote! Umekata pesa yako ya kwenda kutazama mpira, ukaandika pembeni: “Za Mama Kibonge. Asiulizwe.”

~~Rudisha pesa yako, mume wangu, mimi sina shida.~~

Hapana, nimezichukua. Nikitoka kazini napitia kusukwa nywele, kwa hiyo leo unapika wewe. Mpira tutausikiliza redioni, bure. Nitakaa nawe mpaka mwisho, na sitauliza kila dakika kama umeisha.

Mkeo,
Mama Kibonge