Pampu niliyosema nimeisahau

Jumamosi, Julai 1996, njiani kwenda Misungwi

Na pampu ninayo mimi. Sisi wa safari za baiskeli tunajua, mwenye pampu anakaa nyuma ya wote, ili atakayepata pancha asiachwe.

Lakini leo nilikuwa na baiskeli yangu ya gia, ya mtumba, niliyonunua juzi. Baada ya Usagara nikaona raha kuwapita wenzangu. Huku nyuma mwenzetu Masanja akapata pancha. Amesukuma baiskeli na mzigo wake wote juani mpaka hapa tulipopiga kambi.

Akauliza, "Pampu iko wapi, kaka?"

Nikasema nimeisahau nyumbani Mkuyuni. Aibu tu ilinisemesha.

Akacheka. "Uzee huo! Gia unazo, pampu huna. Basi kesho nitaisukuma mpaka Misungwi kwa fundi."

Hakunilaumu hata kidogo. Sasa amelala pembeni yangu chini ya turubai, miguu ina malengelenge, na mimi nageuka tu. Pampu imo kwenye mkoba ninaolalia.

Nilifikiri niiweke kwenye baiskeli yake alfajiri, kimya kimya. Hapana, huo ni uongo wa pili. Mtu mzima mimi, halafu...

Ngoja nimwamshe sasa hivi, kabla woga haujarudi.